Skrabu za uso na ngozi yenye chunusi: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Ukiingia katika duka la vipodozi Kikuubo, Arua au Malaba, hapa Uganda, na kumwambia muuzaji kwamba uso wako una chunusi, kuna uwezekano mkubwa kwamba kitu cha kwanza atakachokuwekea mezani ni skrabu, yaani krimu au jeli yenye chembe ngumu za kusugulia. Ushauri huo unatokana na imani kwamba chunusi ni uchafu, na kwamba uchafu hutolewa kwa kusugua. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mnunuzi huyo, na hasa kwa mzazi anayepanga vitu vya mtoto wa shule ya bweni mwanzoni mwa muhula akiwa na fedha za kununua kitu kimoja tu cha uso. Kwa uso wenye chunusi, skrabu ya chembe haifai kuwa kitu hicho kimoja, na kwa ngozi nyeusi hasara yake huweza kuonekana muda mrefu baada ya chunusi yenyewe kupona.

Chunusi huanzia ndani ya vinyweleo, vile vitundu vidogo ambavyo kila kimoja kina tezi yake ya mafuta. Wakati wa kubalehe homoni huifanya tezi hiyo itoe mafuta mengi zaidi, na seli zilizokufa za ukuta wa kitundu, badala ya kudondoka moja moja, hushikamana na kufanya kizibo. Nyuma ya kizibo hicho bakteria waitwao Cutibacterium acnes huongezeka, mwili hupambana nao, na hapo ndipo uvimbe, maumivu na usaha hutokea. Chembe za skrabu haziingii ndani ya kitundu kiasi cha kukiondoa kizibo, bali hukwangua tabaka la juu na kuacha uso ukiwa laini kwa siku moja au mbili. Hata ile ncha nyeusi inayoonekana juu ya baadhi ya chunusi si vumbi la barabarani, kwa maana weusi wake unatokana na melanini (rangi ya asili ya ngozi) na mafuta yaliyokutana na hewa, na ndiyo sababu hauondoki hata uso ukioshwa mara tano kwa siku.

Kwa wasomaji wengi wa Uganda jambo zito zaidi ni madoa. Ngozi nyeusi inapochubuliwa au inapovimba, seli zinazotengeneza rangi hujibu kwa kutoa melanini zaidi, na mahali palipokuwa na kipele kidogo hubaki doa jeusi linaloweza kukaa kwa miezi, na rangi ikizama katika tabaka la chini, kwa miaka. Mtu anayesugua chunusi iliyovimba huongeza uvimbe ule ule unaoleta doa, kisha huliona doa, hudhani ni uchafu uliobaki, na kusugua kwa nguvu zaidi. Wagonjwa wengi wenye ngozi yetu huwaambia madaktari kwamba kinachowasumbua zaidi ni madoa kuliko chunusi zenyewe, nami nawaelewa, kwa sababu doa husomwa na kila anayekutazama kama kwamba hujali usafi.

Hata hivyo haki itendeke kwa skrabu. Mwaka 2016 wanunuzi wawili walifungua kesi California dhidi ya kampuni ya Unilever, wakidai kwamba skrabu yake ya St. Ives yenye unga wa maganda magumu ya jozi (kokwa ziitwazo walnut kwa Kiingereza) huipasua ngozi kwa mipasuko midogo isiyoonekana na kuleta chunusi. Mwaka 2018 mahakama iliamua kwamba hawakutoa ushahidi wa kutosha wa madhara hayo. Kwa hiyo siandiki hapa kwamba kila skrabu huharibu kila uso. Ninachosema ni kwamba skrabu haigusi chanzo cha chunusi, kwamba msuguano wa mara kwa mara huzidisha chunusi zilizovimba, na kwamba fedha ile ile hununua kitu kinachofanya kazi.

Nafasi ya kwanza naipa asidi ya salisiliki ya asilimia 2, hasa ile inayopakwa na kuachwa usoni bila kuoshwa. Asidi hii huyeyuka katika mafuta, na kwa sababu hiyo hupenya ndani ya kitundu kilichojaa mafuta na kulegeza gundi inayoshikilia seli zilizokufa, jambo ambalo hakuna chembe ya kusugulia inayoweza kulifanya. Nchini Marekani dawa za chunusi zenye asidi hii zinazouzwa bila cheti cha daktari huruhusiwa kuwa na kati ya asilimia 0.5 na 2, na mnunuzi anaweza kukitumia kipimo hicho kama kigezo anaposoma pakiti. Sabuni ya maji yenye asidi hiyo nayo inafaa, lakini hukaa usoni kwa muda mfupi kabla ya kuoshwa, kwa hiyo ukilazimika kuchagua kati ya sabuni na losheni ya kuachwa, chukua losheni. Anza kwa kupaka jioni mara tatu kwa wiki, na uongeze tu ikiwa ngozi haiwashi wala haikauki. Mtu mwenye mzio wa aspirini asiitumie bila kumuuliza daktari, na mama mjamzito azungumze kwanza na mkunga wake.

Ikiwa chunusi zako ni zile zilizovimba na kutunga usaha, cha kununua kwanza hubadilika na kuwa benzoili peroksaidi, ambayo kwa orodha ya kawaida naiweka ya pili. Huua bakteria wa chunusi, na hadi sasa bakteria hao hawajaonekana kujenga usugu dhidi yake kama wanavyofanya dhidi ya dawa za antibiotiki, ndiyo maana mwongozo wa Chuo cha Madaktari wa Ngozi cha Marekani uliotolewa mwaka 2024 unaipendekeza kwa uzito mkubwa, wakati asidi ya salisiliki inapendekezwa kwa masharti. Usivutiwe na kopo lenye asilimia 10. Ile ya asilimia 2.5 hupunguza chunusi zenye uvimbe karibu sawa na ya asilimia 10, na haichomi ngozi kiasi hicho. Mzazi anayemnunulia mwanafunzi ajue pia kwamba dawa hii huchujua rangi ya nguo: kola ya sare, shuka la rangi na taulo vitabaki na mabaka yasiyofulika, kwa hiyo aambatanishe foronya nyeupe na taulo nyeupe. Joto nalo huivunja na kuweza kutoa benzini, ambayo ni kemikali inayosababisha saratani, na mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuondolewa sokoni kwa bidhaa chache zilizokutwa na kiasi kilichozidi. Usinunue bomba lililopangwa juani mbele ya duka, wala usiliache ndani ya gari lililoegeshwa kwenye jua la mchana.

Nafasi ya tatu ni ya adapalini ya asilimia 0.1, nami nakiri kwamba kwa nguvu ya kuzuia chunusi mpya ingestahili kuwa juu zaidi. Dawa hii, ambayo ni ya jamii ya vitamini A, hurekebisha namna seli zinavyokua ndani ya kitundu ili kizibo kisijengeke tangu mwanzo. Nimeishusha kwa sababu inahitaji mtumiaji mwangalifu: wiki za kwanza ngozi hukauka na kubanduka, chunusi zinaweza kuonekana kuongezeka kabla ya kupungua, na haipaswi kutumiwa na mwanamke mjamzito au anayetarajia kubeba mimba. Kiasi cha punje moja ya njegere kinatosha uso mzima, usiku tu, juu ya ngozi iliyokauka. Inaweza kutumika pamoja na benzoili peroksaidi bila kuharibiwa nayo, tofauti na tretinoini ya kawaida, dawa nyingine ya jamii hiyo ya vitamini A. Dawa hizi mbili, benzoili peroksaidi na adapalini, zinunuliwe katika famasi yenye leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, iliyobandikwa ukutani, wala si kwenye meza ya vipodozi sokoni.

Baada ya hizo huja asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20, ambayo ningeipandisha hadi juu kabisa kwa mama mjamzito na kwa mtu ambaye madoa yanamsumbua kuliko vipele, kwa kuwa hupunguza chunusi na rangi ya madoa kwa pamoja. Si rahisi kuipata katika kila famasi, lakini inafaa kuiulizia. Asidi ya laktiki na ya mandeliki nazo huondoa seli zilizokufa kwa upole na kusaidia madoa, ila huyeyuka katika maji na hazipenyi katika mafuta kama salisiliki. Asidi ya glikoliki ni kali zaidi kati ya jamii hiyo, na anayeanza asiiguse.

Baada ya asidi hizo, na kabla ya skrabu yoyote, naweka kitambaa laini cha pamba kilicholowekwa katika maji ya uvuguvugu na kupitishwa usoni bila kukandamizwa, kikifuliwa na kuanikwa juani kila baada ya matumizi. Ni njia ya bei nafuu kuliko zote.

Skrabu yenyewe, ikiwa bado unaitaka, iwe ya chembe za mviringo zisizokwaruza, itumike mara moja kwa wiki, kwa ncha za vidole, kwa nusu dakika, na juu ya uso usio na kipele kilichovimba wala kidonda. Anayeweza kunufaika nayo ni mtu mwenye vipele vidogo tu visivyouma. Mwanamume anayeota vipele kwa sababu ndevu zilizonyolewa hujikunja na kurudi ndani ya ngozi anaweza pia kusaidiwa na usuguaji mwepesi kabla ya kunyoa, ingawa asidi ya salisiliki humsaidia kwa upole zaidi. Chembe za plastiki zikatae kwa sababu nyingine: haziozi, hupita katika maji machafu hadi ziwani, na Marekani ilizipiga marufuku katika vipodozi vya kuoshwa kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2015.

Mkiani kabisa nimeweka vitu ambavyo wengi huvisifia kwa kuwa ni vya asili. Sukari na unga wa kahawa vina kingo kali zisizolingana, na kahawa yetu, pamoja na fahari yote tuliyo nayo kwayo, ni ya kunywa. Dodoki linafaa kwa nyayo na mgongo usio na vipele, lakini usoni ni gumu mno, na likiachwa na unyevu bafuni huwa makazi ya bakteria. Maji ya limau yana uchachu wa takriban pH 2 ilhali ngozi huwa karibu na 5 (katika kipimo hiki namba ikiwa ndogo uchachu ni mkali zaidi), na limau au ndimu iliyobaki usoni ikipigwa na jua inaweza kuleta malengelenge na mabaka meusi.

Kuna bidhaa moja ambayo haimo katika orodha kwa sababu haipaswi kununuliwa kabisa: krimu ya kuchanganywa na muuzaji mwenyewe, au ile inayoahidi kuondoa chunusi na kung'arisha uso ndani ya wiki moja. Mara nyingi kinachofanya kazi humo ni zebaki, hidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), au steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe) kama klobetasoli. Steroidi huzima uvimbe kwa siku chache na mnunuzi hufurahi, kisha ngozi huwa nyembamba, na akiacha kupaka chunusi hurudi kwa wingi na kwa namna mbaya zaidi. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye hidrokwinoni na zebaki, na bado vinauzwa. Kopo lisilo na orodha ya viambato, tarehe ya kuisha muda na jina la mtengenezaji lirudishe kwa muuzaji, na kwa bidhaa iliyotengenezwa hapa nchini tafuta alama ya Q ya UNBS.

Ukibakiwa na fedha za kitu cha pili, nunua mafuta ya kukinga jua yasiyoziba vinyweleo, yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) ya 30 au zaidi. Kampala iko karibu na ikweta, jua lake ni kali mwaka mzima, na jua huzidisha weusi wa madoa. Zaidi ya hayo, adapalini na asidi za jamii ya glikoliki huifanya ngozi iungue kwa urahisi zaidi. Kabla ya kununua chochote, chunguza pia mafuta ya nywele ya nyumbani, kwa maana vipele vidogo vilivyojipanga kwenye paji la uso na pembeni mwa nywele mara nyingi huletwa na mafuta mazito yanayoteremka kutoka kichwani, na hupungua mafuta yakibadilishwa au yakipakwa mbali na paji.

Chagua dawa moja na uipe wiki 8 hadi 12 kabla ya kuihukumu, kwa sababu vizibo vinavyoonekana leo vilianza kujengeka wiki kadhaa zilizopita. Chunusi zenye mabonge makubwa yanayouma chini ya ngozi, zinazoacha makovu ya mashimo, au zinazomfanya kijana akatae kwenda shule, hazingoji wiki hizo: mpeleke kwa daktari wa ngozi, kwa mfano katika kliniki ya ngozi ya Hospitali ya Mulago, kwa kuwa zinahitaji dawa za kumeza ambazo hazipaswi kununuliwa kwa kubahatisha.