Jalada la karatasi au kompyuta: siri ya mgonjwa ikae wapi?

Kila zahanati mpya ikifunguliwa Moshi, mabishano ni yaleyale. Kwa gharama karatasi inashinda mwanzoni: majalada, kabati, kufuli. Kompyuta inadai umeme wa akiba na fundi wa kuitwa usiku.

Kwenye siri ndipo pagumu. Nimewahi kukaa kwenye benchi la mapokezi, jalada la mtu limeachwa wazi juu ya kaunta, majibu ya kipimo yanasomeka hadi nilipo. Na karatasi haisemi nani kaichungulia. Kompyuta huandika nani kafungua, saa ngapi. Ila haisaidii kitu wauguzi watano wakitumia nywila moja iliyobandikwa pembeni ya skrini (hiyo nayo nimeiona). Halafu jalada likiibwa ni la mtu mmoja. Mfumo ukivuja, wameumbuka wote.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Mwenye chumba kimoja na wagonjwa wachache, kabati lenye kufuli linamtosha. Mwenye matawi Moshi na Arusha, wagonjwa wakihamia huku na kule, aweke kompyuta, na kila mfanyakazi apewe nywila yake.