Darasa la kuchora miti na mawingu hapa Malindi: mawingu sawa, miti wallahi hapana

Sitaki kuzunguka. Mwalimu alininyang'anya brashi mkononi akachora juu ya mti wangu bila kuniuliza. Kanvasi nimeilipia mimi, halafu nimekaa pale nimeduwaa namuangalia.

Lilikuwa darasa la wikendi, juu kwenye roshani ya nyumba moja upande wa baharini, somo ni miti na mawingu kwa rangi za akriliki, 2,500 pamoja na chai na mahamri. Mahamri yalikuwa matamu, hayo siyapingi.

Na mawingu pia kusema kweli alifundisha. Mimi nilidhani wingu ni kuweka nyeupe juu ya buluu basi yameisha, kumbe tumbo la wingu lina kijivu chake na kijivu chenyewe hukitoi kwenye nyeusi, unachanganya buluu ya altramarini na ile kahawia ya siena, halafu unatia nyeupe ya titaniamu kidogo kidogo mpaka ipatikane ile rangi ya mvua ikiwa bado iko mbali huko baharini. Akatwambia tukiache chepesi kuliko tunavyotaka, kwa sababu akriliki ikiwa mbichi ile gundi yake ina weupeweupe, ikikauka weupe unaondoka na rangi inatia giza. Kusi nalo lilikuwa limekaza, upepo unapiga roshani moja kwa moja, rangi inakauka kwenye paleti hujaifikisha hata kwa kanvasi, ikabidi kila mtu apewe kichupa cha kunyunyizia maji, na kingo za wingu uzilainishe na brashi kavu mbio mbio kabla hazijashika. Hapo nilimpenda bana, mpaka nikamtumia dadangu picha nikamwambia na wewe uje.

Haya, miti. Kila mtu achague wake. Mimi nikachagua mvinje maana uko pale pale mbele yetu, na nimekua na mivinje mimi, naujua. Majani yake ni nyuzi nyuzi zimening'inia, unaburuta brashi nyembamba kushuka chini na unaacha mbingu ipite katikati, na rangi yake si kijani cha tyubu, ina vumbi ndani. Ulikuwa unakuja vizuri.

Akaja nyuma yangu. "Dada, miti haichorwi hivi, huu umekufa."

Umekufa! Mti wenyewe uko mbele yake unayumba!

Nikamwambia mwalimu, huu ni mvinje, ndivyo ulivyo. Akacheka, akachukua brashi, akachovya kijani kizito kama kilivyotoka kwenye tyubu, akabadilisha akaleta na ile brashi ya feni, ile nywele zake zimetanuka kama upepeo, akaanza kugongagonga kutoka juu hadi chini, pembetatu juu ya pembetatu, alipoinuka nina mti wa Krismasi. Malindi! Imebaki theluji tu.

Nikashika kitambaa nipanguse, wapi, kusi lishakausha, na akriliki ikishakauka maji hayaitoi tena. Kulalamika ananijibu "si utapaka juu tu, ndiyo raha ya akriliki." Sawa, inapakwa juu, hapo hajadanganya. Lakini nyuma ya ule mti kuna wingu langu nililolihangaikia, nikipaka juu nafunika na wingu, na kile kijivu nishakimaliza, sasa kukichanganya tena kitoke kile kile nani anaweza? Bibi aliyekaa kando yangu alichora mkanju, naye akagongewa hivyo hivyo. Ukizunguka roshani nzima msitu ni mmoja.

Nikaomba nirudishiwe hata nusu, yule wa mapokezi ati "lakini mama, picha si imependeza." Mamangu kaitundika sebuleni, wageni wanauliza ni Ulaya gani.

Nilitaka kumpa nyota moja. Nikifikiria yale mawingu nasema tatu, kwa sababu siku hizi nikiangalia juu naona kijivu ambacho sikuwa nakiona. Halafu nakumbuka kile kicheko. Mbili. Msiende. Au nendeni, lakini mkijua.

Dadangu keshalipa, anasema yeye shida yake mawingu tu. Nimemwambia akae kona ya mbali, na ikifika miti ajifanye amepigiwa simu.