Kihispania asubuhi, majiko mchana: wiki 6 zangu Guatemala

Watu wengi hapa Mwanza wananiuliza kuhusu ile shule ya Kihispania niliyoenda Guatemala, ile ambayo asubuhi unasoma mchana unaenda kijijini kujitolea, sasa naandika mara moja wote msome. Masomo ni mazuri mno. Kujitolea kunategemea umepangiwa nini, usipofungua mdomo mapema imekula kwako.

Shule iko San Pedro La Laguna, kando ya ziwa Atitlán. Mimi mtu wa Kirumba nikajua maziwa nayajua, kumbe lile limezungukwa na volkano, ni dogo kwa letu ila kina kinapita mita 300 wakati Victoria haifiki hata 100. Usiku baridi, beba sweta.

Darasani ni mwalimu mmoja mwanafunzi mmoja, masaa 4 kila asubuhi, hakuna pa kujificha. Ila mtu wa Kiswahili ana mtaji wake, irabu ni a e i o u zilezile, na wenzangu walipokuwa wanahangaika na casa blanca, casas blancas (nyumba nyeupe, moja na nyingi) mie nimekua na kiti cheupe viti vyeupe kwa hiyo sikuona ajabu. Halafu kuna ser na estar, vitenzi viwili vya "kuwa", hapo wengi wanakwama, mimi nikamwambia mwalimu kwetu kuna "ni" na "yuko", akaniambia andika kwenye daftari: es maestra, ni mwalimu, está en casa, yuko nyumbani. Sio kila mahali inakubali lakini ilinivusha. Kilichonitoa jasho ni r. Sisi Wasukuma r na l tunazichanganya, na kule pero ni lakini, pelo ni nywele, perro ni mbwa, yule mwalimu wangu alinirudisha hapohapo siku 3 na hakununa hata kidogo, Mungu ambariki.

Sasa kijijini. Wiki ya kwanza nikapangiwa kufundisha Kiingereza shule ya msingi, mimi sijasomea ualimu, na mwalimu wao kasimama dirishani ananiangalia. Iliniuma sana, maana hata huku kwetu tunawaona vijana wa nje wanakuja wiki 2 wanashika chaki, hao wameondoka, watoto wanaanza upya. Nikaenda ofisini nikakataa, wakanihamishia kwenye majiko banifu na huko ndio nikafurahi. Fundi ni wa hapohapo kijijini na ndiye bosi, wewe unabeba matofali na kukoroga udongo, jiko linakuwa na bamba la chuma juu wanaliita plancha na bomba la kutoa moshi nje. Nyumba ya kwanza mama alikuwa anapikia mafiga 3 kama bibi yangu, ukuta mweusi tii, mahindi anayachemsha na chokaa, anaosha, anasaga, halafu tortilla, vile vichapati vya mahindi, anazipiga kwa viganja pa pa pa huku anaongea na wewe wala haangalii mikono.

Na hapa kuna kitu hakuna aliyeniambia kabla: yule mama Kihispania chake kilikuwa cha kuungaunga kama changu. Lugha yake ni Tz'utujil, moja ya lugha za Wamaya, na nchi ile inazo zaidi ya 20. Yaani ni sawa na mtu asome Kiswahili Dar halafu umshushe Kwimba kwa bibi wa Kisukuma, na wote tunajua pale neno "mwangaluka" linavyofungua mlango. Shule ilitakiwa itupe walau somo moja la salamu. Mimi nilifundishwa na binti yake mdogo, amekaa juu ya ndoo anatutafsiria, akanipa maltyox, asante. Siku tunawasha jiko, moshi ukapanda bombani wote, nikamwambia mama maltyox, akafunika mdomo anacheka akaniongeza tortilla 2.

Nyota 4 kati ya 5. Nenda wiki 6 au zaidi, wazee waite usted, yaani "wewe" ya heshima, kama unavyotoa shikamoo, na siku ya kwanza tu waambie wakutafutie mtu wa kukufundisha Tz'utujil.