Niliuziwa hita plagi za lori, nikachekwa juu yake

Nianze na hasira, mengine yatafuata. Kuna duka la spea pale Tabora mjini, jina silitaji, wanaolijua watalijua. Hita plagi za trekta, vile vijiti vya umeme vinavyopasha moto ndani ya injini ili dizeli iwake, usinunue pale. Au nunua, lakini soma mpaka mwisho kwanza.

Trekta langu ni Kubota ya zamani, mtumba wa Japani, silinda tatu. Huku Urambo linavuta trela la marobota ya tumbaku, mvua zikianza linalima. Baridi ya mwezi wa sita kwenda wa saba ilipoingia, alfajiri likawa haliwaki. Stata inazungusha vizuri, bomba linatoa moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi, silinda moja inakohoa, basi. Mchana jua likishika, ukigusa funguo tu limewaka. Kwenye dashibodi kuna kile kikoili nyuma ya wavu, ukizungusha funguo upande wa hita kinatakiwa kiwe chekundu. Changu kikawa kinachelewa, na wekundu wenyewe hafifu. Fundi akafungua kibati kinachounganisha hita zote, akapima moja moja kwa balbu ya testa: mbili zimekatika. Nikaamua nibadilishe zote tatu.

Nikaenda mjini na sampuli mkononi. Kijana wa kaunta hakuishika hata kuishika. Aliitupia jicho, akarudi kwenye simu yake, akasukuma boksi. Nikamwomba afunge moja kwenye betri nione kama inawaka. Betri ninaiona, iko chini ya kaunta na waya zake.

"Mzee, hapa hatuchomi bidhaa."

Kisha akawageukia wenzake: "Tabora hii kuna baridi gani ya kutaka hita? Trekta limechoka, nozo za kupuliza dizeli zimekufa." Wakacheka. Akaongeza nichukue na kopo la kupuliza kwenye njia ya hewa, eti litawaka tu. Mimi nina wajukuu wa umri wake.

Siku ile nilimeza, leo namjibu. Mwanangu, injini hizi zina chemba ndogo pembeni. Hewa ikisukumwa humo inapoteza joto kwenye kuta kabla dizeli haijafika, ndiyo maana zinataka hita hata pasipo barafu. Massey Ferguson 240 ya jirani yangu inapuliziwa dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, hiyo haina hita kwenye silinda. Hilo kopo lako, ukipuliza wakati hita zina moto, linalipukia ndani na pistoni zinapasuka. Na baridi unayoiulizia, Tabora iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Njoo Urambo saa kumi na moja alfajiri na hicho kishati chako.

Tukafunga. Asubuhi moshi uleule. Fundi akapima kwa testa, zote zinawasha balbu, akasema nzima. Nilikaribia kuamini habari ya nozo! Hapo ndipo watu wengi wanapopigwa: balbu inakuambia tu kwamba waya wa ndani haujakatika, haikuambii kama unachemka. Tukachomoa moja, hasi tukaibana kwenye mwili wake, chanya kwenye kichwa. Hita nzima ya aina hii ncha yake inaiva ikawa nyekundu kabla hujafika sekunde thelathini. Hii ilibaki vuguvugu, fundi akaishika kwa vidole. Nikafuta masizi pale spana inaposhika, maandishi yakatokea: 24V. Za malori! Nyuzi za kufungia zinaingia sawasawa, lakini kwenye betri ya volti 12 inapata kama robo tu ya nguvu yake. Boksi nalo limebandikwa kikaratasi cha 12V juu ya maandishi mengine.

Nikarudi. Kijana yuleyule: "Ikishafungwa hairudi." Sauti ikanipanda, nakiri, mpaka mama mwenye duka akatoka nyuma. Akazisoma, akanyamaza, akaniambia, "Samahani baba." Akaleta nyingine, akaivuta ile betri mwenyewe, akazipima zote tatu mbele yangu. Zikaiva kama makaa. Hela ya ziada hakuchukua. Trekta sasa linawaka vizuri alfajiri, kwa hiyo nisimwonee mama yule: spea zake nzuri zipo, na anajua kazi.

Lakini nikifikiria, damu inachemka upya. Kumbe kupima ni dakika mbili! Kumbe betri haikuwa pambo! Siku ngapi trela limelala na tumbaku ya watu, kwa sababu mtoto hakutaka kuinama. Nitarudi pale, ndiyo, filta zao ni za kweli. Ila nikimkuta yeye kaunta, hata boliti simnunulii.