Yunivasal indiketa: ununue ya chupa au ya vikaratasi?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo niko Kigoma mjini na yunivasal indiketa, yaani kipimo kinachogeuka rangi kuonyesha kitu ni asidi au alkali kiasi gani. Ninazo za aina mbili, ya chupa na ya vikaratasi, maana walimu wengi wananiuliza wanunue ipi.

Naanza na ya chupa. Matone mawili matatu yanatosha. Hii ni juisi ya limao iliyochujwa... ona, nyekundu papo hapo! pH yake, yaani namba ya kipimo hiki (chini ya 7 ni asidi, 7 ni katikati, juu ya 7 ni alkali), ni kama 2. Sasa maji ya ziwa, yamechotwa asubuhi Kibirizi. Wengi mnategemea kijani, rangi ya 7, siyo? Tazameni vizuri: bluu yenye ukijani. Indiketa haijaharibika. Ziwa Tanganyika ni la alkali, pH yake hukaribia 9. Mwalimu wa Kigoma, anza na maji haya kabla ya kemikali yoyote ya dukani!

Maji ya jivu nayo yanakwenda zambarau. Litmasi, ile karatasi ya nyekundu na bluu, ingekuambia ziwa na jivu vyote ni alkali, ikaishia hapo. Hii inakuonyesha vimepishana kiasi gani, na kila namba moja ya pH ni tofauti ya mara 10 ya ukali wa asidi au alkali. Inaweza hivyo kwa sababu ndani zimechanganywa rangi kadhaa, kila moja inageuka kwenye pH yake.

Sasa nadondoshea limao kwenye jivu, tone kwa tone. Zambarau... bluu... kijani hicho, kinapita upesi... njano... chungwa. Na vile viputo ni kabonidayoksaidi, kwa sababu jivu lina kaboneti. Hapo ndipo mwanafunzi anaelewa asidi na alkali zinavyomalizana.

Vikaratasi ni rahisi kubeba, ila hivi nilivyo navyo, kijani cha 7 na cha 8 vinakaribiana mno. Mama zetu wanaotengeneza sabuni ya mawese vitawafaa: kwangua sabuni kidogo, iyeyushe kwenye maji, chovya. Mawese yenyewe usipime, mafuta hayana pH ya kusoma.

Kwa darasa mimi nasema chupa. Iwekwe mbali na moto, ina spiriti. Na ukiwa dukani fungua boksi kwanza, hakikisha chati ya rangi imo na ni ya indiketa hiyohiyo. Chati ya kampuni nyingine itakupa namba za uongo.