Kusafisha mikanda ya picha iliyosahaulika: uzoefu wangu Mikindani

Kama nyumbani kuna mikanda ya kamera ambayo haikuwahi kusafishwa kwa dawa ili itoe picha, usiitupe, hata ukiambiwa imeshaoza. Studio moja hapa Mtwara mjini walinijibu hivyo bila hata kuitazama. Nashukuru sikuwasikiliza, maana mzee mmoja mstaafu wa kazi hiyo, yuko Mikindani, amenitolea picha ambazo ukoo mzima ulijua hazipo.

Mikanda ilikuwa ya marehemu mjomba, utingo wa malori ya korosho miaka ya tisini mwanzoni. Ilikaa kwenye sanduku la bati, ndani ya nyumba ya bati: Kodak Gold kadhaa na Konica mmoja.

Nilichompendea mzee ni kwamba hakunidanganya. "Sura sikuahidi, mwanangu. Nakuahidi sitauharibu zaidi." Akanieleza kwamba mkanda wa rangi kwa kawaida husafishwa kwa dawa za C-41, nyuzi joto karibu 38, dakika 3 na sekunde 15. Lakini mkanda uliopigwa na joto na unyevu wa pwani miaka yote hiyo, tabaka zake za rangi hazichoki kwa pamoja, kwa hiyo rangi hutoka zimevurugika. Yeye huusafisha kwa dawa ya picha nyeusi na nyeupe. Rangi unazisamehe, unaokoa sura. Nikakubali.

Mikanda ya zamani zaidi imewahi kuokolewa: ile ya Nils Strindberg, Msweden aliyefariki mwaka 1897 katika safari ya puto, iliokotwa kisiwa cha Kvitøya, kaskazini kabisa mwa dunia, mwaka 1930, na picha 93 zikaokolewa. Lakini ile ilitunzwa na barafu. Yetu imepikwa na jua la Mtwara.

Na barafu ndiyo iliyotafutwa kwanza. Dawa ya nyeusi na nyeupe inataka nyuzi joto 20 hivi, na maji ya bomba huku kwetu hayashuki kiasi hicho. Mzee alinunua barafu za mfuko kwa jirani, akazimwaga kwenye beseni, akakalisha chupa za dawa humo na kipimajoto kikiwa kimechomekwa. Kisha, mikono ikiwa ndani ya mfuko mweusi usiopitisha mwanga, akakata kipande kifupi cha mkanda na kukisafisha peke yake. Kikatoka cheusi tii. Akaongeza dawa ya kuzuia ukungu, yaani ule weusi unaofunika picha, akapunguza muda, akajaribu kipande kingine. Hapo ndipo nilipomwamini, kwani mwenye haraka angetumbukiza mkanda mzima.

Konica haukuwa na kitu. Alinionyesha namba za kiwandani pembeni mwa mkanda, zimetoka safi kabisa: maana yake dawa zilifanya kazi, ila mkanda haukupigwa picha. Huo hakunitoza.

Kodak ndiyo ilibeba mambo. Picha zina chenga, nyingine zimefifia, lakini pantoni la Ndundu unaliona, malori yamejipanga kuvuka Rufiji, miaka mingi kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Na katika mkanda wa mwisho yumo bibi mzaa mama, kakaa kwenye mkeka huko Newala, ndonya, kile kipambo cha Kimakonde, mdomoni, chale za mashavuni unaweza kuzifuata mstari kwa mstari. Hatukuwa na picha yake hata moja. Mama alipomwona alisema tu, "Huyu ndiye mama," akaomba simu isizimwe. Wajukuu wengine ndiyo kwanza wanamjua sura.

Gharama ni shilingi 20,000 kwa mkanda pamoja na kuziingiza kwenye kompyuta. Kwa kazi niliyoiona, naona ni halali yake.

Kasoro ninayoiona ni moja: picha hutuma kwa WhatsApp, na huko zinabanwa hadi zile chale za bibi zinapotea. Nenda na flashi yako, umwombe faili zenyewe. Negativu atakurudishia zimekatwa vipande na kuwekwa kwenye plastiki, zitunze mbali na bati. Mkanda usiuvute nje kuchungulia, mwanga utaumaliza. Na mpe taarifa mapema, kwa sababu dawa ikishachanganywa haikai sana, hivyo husubiri mikanda ya watu kadhaa ndipo aichanganye.