Maumivu ya kano ya Achilles (ile ya nyuma ya kisigino): tiba ya mwanga au mazoezi ya kushusha kisigino?

Kwa upande wa ushahidi, mazoezi yako mbele. Utaratibu uliochapishwa na Håkan Alfredson na wenzake wa Sweden mwaka 1998 humtaka mgonjwa asimame kwa mbele ya wayo kwenye ukingo wa ngazi, ajiinue kwa mguu usiouma, kisha ashushe polepole kisigino kinachouma, mara 15 kwa seti 3, goti likiwa limenyooka na baadaye likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni kwa wiki 12. Hayahitaji fedha, ila yanauma na wengi huyaacha njiani.

Tiba ya mwanga ni nyepesi zaidi kwa mgonjwa: leza hafifu huelekezwa kwenye kano kwa dakika chache, macho yakiwa yamekingwa kwa miwani maalumu. Matokeo yake yanagongana, kwani utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba leza ikiambatana na mazoezi huharakisha nafuu, ilhali wa mwaka 2012 haukuona faida ya ziada. Vifaa vya nyumbani navyo hutofautiana mno kwa nguvu.

Mwenye muda na uvumilivu, hasa mkimbiaji, aanze na mazoezi. Ambaye maumivu yanamzuia hata kuanza anaweza kujaribu mwanga kama nyongeza, maana wenyewe hauizoeshi kano kubeba mzigo. Anayeumia pale kano inaposhikana na mfupa asishushe kisigino chini ya usawa wa ngazi. Aliyesikia mlio wa ghafla na kushindwa kusimama kwa vidole amwone daktari mara moja.